Konsonanti za Kiebrania: anzia mdomoni, herufi zitafuata

Anayeanza Kiebrania kwa kawaida hukabidhiwa chati ya herufi 22 na kuambiwa akariri: alefu, beti, gimeli, daleti, mpaka tavu. Anakariri. Baada ya muda anaziimba zote bila kukosea, lakini mpe neno la herufi tatu asome, anakwama. Chati ilimfundisha foleni, haikumfundisha sauti. Foleni ina faida yake, sikatai: kamusi hupangwa hivyo, na Zaburi 119 yote imejengwa juu yake, vifungu 22 vya mistari minane minane, kila mstari ukianza na herufi ya kifungu chake. Ila iache kwanza.

Mwongozo huu unafuata mdomo. Herufi zote 22 za Kiebrania ni konsonanti, na ndani ya maandishi yake kuna nukta moja ndogo isiyoeleweka vizuri mpaka ujue sauti inatoka wapi na inatokaje. Ukishajua hayo mawili, mambo mengi yanayokaririwa kama kanuni yanageuka kuwa ya kawaida kabisa. Na mzungumzaji wa Kiswahili ana mtaji hapa ambao Mwingereza au Mfaransa hana.

Neno moja kuhusu majina. Majina ya herufi nimeyapa irabu ya mwisho kama ulimi wetu unavyopenda: daleti, memu, reshi. Sauti yenyewe ya herufi haina irabu hiyo, na hilo litatusumbua baadaye.

Hatua ya 1: Amua unafuata matamshi ya nani

Kiebrania kina matamshi zaidi ya moja, na anayechanganya vitabu viwili bila kujua hili huishia kudhani kimojawapo kina makosa. Kuna matamshi ya Israeli ya leo, yaliyokua tangu lugha iliporudishwa kuwa ya nyumbani na barabarani kuanzia mwishoni mwa karne ya 19. Eliezer Ben-Yehuda, anayetajwa sana katika kazi hiyo, alihamia huko mwaka 1881. Kuna matamshi ya Waashkenazi, Wayahudi wenye asili ya Ulaya ya kati na mashariki, ambayo bado yanasikika katika sala. Na kuna ya Wayahudi wa Yemeni, waliotunza tofauti nyingi za sauti ambazo wengine wamezipoteza.

Ushauri wangu: shika ya Israeli ya leo kuwa msingi, maana ndiyo utakayoyasikia redioni na kwenye video. Ya Yemeni yatumie kama ufunguo wa kuelewa kwa nini maandishi yako kama yalivyo.

Hatua ya 2: Pima sauti zako mwenyewe

Konsonanti yoyote ina maswali matatu. Hewa inazuiwa wapi? Inazuiwaje? Na nyuzi za sauti kooni zinatetemeka au zimetulia?

Swali la tatu ndilo rahisi kupima. Weka vidole viwili kwenye kongomeo, kile kigongo cha kooni, kisha vuta *sssss* halafu *zzzzz*. Kwenye *z* utahisi mtetemo: hiyo ni ghuna. Kwenye *s* hakuna: si ghuna. Rudia kwa *f* na *v*, kisha *th* na *dh*. Mdomo hausogei, kinachobadilika ni koo tu.

Sasa swali la pili. Tamka *p*. Midomo inafunga kabisa, hewa inajaa, inapasuka: ni kipasuo. Tamka *f*. Hewa haizuiwi yote, inapenya kwa kukwaruza: ni kikwamizo. Tofauti hii ya kipasuo na kikwamizo ishike vizuri, ndiyo injini ya hatua ya nne.

Vidole vikiwa bado pale kooni, sema *baba*. Wengi wetu tunapotamka *b* hiyo kongomeo hushuka kidogo na hewa huvutwa ndani kabla ya kutoka. *D* ya *dada* ni hivyo hivyo. Kisha sema *mbuzi*: *b* hii haina mvuto huo. Kiebrania kinataka *b* ya *mbuzi*, bila hiyo *m* mbele. Ukitumia ya *baba* utaeleweka tu, lakini sikio la mwenyeji litajua umetoka mbali.

Hatua ya 3: Panga herufi kwa mahali zinapozaliwa

Upangaji huu haukubuniwa na wanaisimu wa leo. Kitabu cha kale cha Kiyahudi, Sefer Yetzirah, tayari kinazigawa herufi 22 katika makundi matano kwa kufuata viungo vya mdomo. Nakili makundi haya kwenye karatasi moja, ukikumbuka kwamba maandishi huenda kutoka kulia kwenda kushoto:

Midomo: ב ו מ פ
Ulimi: ד ט ל נ ת
Meno: ז ס צ ר ש
Kaakaa: ג י כ ק
Koo: א ה ח ע

Saba kati yake hazina shida yoyote, unazitamka kila siku: מ ni *m*, נ ni *n*, ל ni *l*, ז ni *z*, ס ni *s*, י ni *y*, na ה ni *h*. Zimalize leo hii.

ו ni *v* kwa Waisraeli wa leo, ila zamani ilikuwa *w*, na Wayemeni bado wanasema *w*. צ ni *ts*, kama katika jina la mbuga ya Tsavo likitamkwa kamili, bila kuimeza *t*. Kuhusu ר, Sefer Yetzirah linaiweka na meno, kwa hiyo ni *r* ya ncha ya ulimi, kama yetu. Waisraeli wengi siku hizi wanaitoa nyuma kabisa, kwenye kimio, kile kinyama kinachoning'inia mwisho wa mdomo. Tumia *r* yako ya Kiswahili bila aibu. Ni ya kale kuliko yao.

Utaona pia kuna *t* mbili, ט na ת, na *k* mbili, כּ na ק. Zamani zilikuwa sauti tofauti. Aliyepita madrasa ataielewa haraka: ט ni ndugu wa ط, ק wa ق, na צ wa ص. Katika Israeli ya leo tofauti hiyo imekufa kwenye usemi lakini inaishi kwenye tahajia, hivyo neno litakulazimu ukumbuke ni *t* ipi. Hakuna njia ya mkato hapo.

Hatua ya 4: Nukta inayogeuza kikwamizo kuwa kipasuo

Hapa ndipo penye uhondo. Herufi sita, ב ג ד כ פ ת, zilikuwa na sura mbili za sauti kila moja. Nukta ndani ya herufi, iitwayo dageshi, huonyesha kipasuo. Isipokuwepo, herufi inasomwa kama kikwamizo cha mahali palepale, au jirani kabisa. Nukta haigusi swali la wapi. Inagusa swali la vipi.

בּ *b*, ב *v*
גּ *g*, ג *gh*
דּ *d*, ד *dh*
כּ *k*, כ *kh*
פּ *p*, פ *f*
תּ *t*, ת *th*

Itazame orodha hiyo tena. Kila sauti iliyomo, zote kumi na mbili, ina tahajia yake katika Kiswahili: *baba* na *vitu*, *gari* na *ghali*, *dada* na *dhahabu*, *kaka* na *subalkheri*, *papa* na *fimbo*, *tatu* na *thamani*. Wanafunzi wengi wa Ulaya hufundishwa *gh* kwa michoro ya ulimi. Wewe soma tu.

Lugha hai imeshapunguza jozi hizi. Leo Israeli imebaki na tatu tu: *b/v*, *k/kh*, *p/f*. Gimeli ni *g* daima, daleti ni *d*, tavu ni *t*. Wayemeni wana *gh*, *dh* na *th* bado, ingawa gimeli yenye nukta wanaitamka *j*. Waashkenazi nao waliigeuza *th* kuwa *s*, ndiyo maana Sabato kwao ni *Shabbos* wakati Mwisraeli anasema *Shabbat*. Mabadiliko hayo tunayafahamu vizuri sana sisi: ni yule yule anayekwenda dukani kuulizia *samani* ya kitu akimaanisha *thamani*. Ulimi ukichoka kukaa katikati ya meno hurudi nyuma kidogo, na *th* inakuwa *s*.

Je, nukta inatokea lini? Kanuni ya msingi ni hii: mwanzoni mwa neno, au baada ya konsonanti isiyo na irabu, herufi hizi sita ni vipasuo. Baada ya irabu hulegea zikawa vikwamizo. Irabu inaacha mdomo wazi, na konsonanti inayofuata haifungi kabisa.

Ione ikifanya kazi katika mzizi wa konsonanti tatu tunaoutumia kila siku katika *kitabu*, *katibu* na *maktaba*, yaani *k-t-b*:

כָּתַב, *katav*, "aliandika". Kafu iko mwanzoni, ina nukta, ni *k*. Beti iko baada ya irabu *a*, haina nukta, ni *v*.

יִכְתֹּב, *yikhtov*, "ataandika". Sasa kafu imetanguliwa na irabu *i*, nukta imeondoka, imekuwa *kh*. Tavu inakuja baada ya *kh* isiyo na irabu, kwa hiyo nukta imeingia kwake.

מִכְתָּב, *mikhtav*, "barua". Hali ni ileile.

Mzizi haujabadilika hata kidogo, ni *k-t-b* tu. Asiyejua fonetiki ataona maneno matatu yenye sauti tofauti na kuanza kulalamika. Yasome kwa sauti mara nyingi mpaka *k* na *kh* zibadilishane zenyewe bila wewe kufikiri.

Tahadhari moja: nukta hiyohiyo ina kazi nyingine, ya kuonyesha kwamba konsonanti imekazwa, na kwa kazi hiyo inaweza kukaa katika karibu herufi yoyote, hata baada ya irabu. Herufi za koo na reshi (ר) kwa kawaida huikataa. Ukikuta nukta ndani ya lamedi (ל) au memu (מ), usiitafutie kikwamizo.

Hatua ya 5: Koo

Herufi nne, א ה ח ע. Tumeshamaliza ה.

Alefu (א) ni kile kikomo cha kooni unachokifanya unapokataa kwa kusema *a'a!* Katikati pale sauti inakatika ghafla kisha inafunguka. Hiyo ndiyo konsonanti. Katika usemi wa haraka wa leo mara nyingi haisikiki, inabaki irabu yake tu.

Ayini (ע) zamani ilikuwa ع, na kwa Wayemeni na Wayahudi wengine waliotoka nchi za Kiarabu bado ipo. Kwa Waisraeli wengi imeungana na alefu. Heti (ח) nayo ilikuwa ح. Leo wengi wanaitamka kama *kh*, na kwa hiyo haitofautiani na kafu isiyo na nukta. Kama umesoma Qurani na koo lako linazitoa ح na ع bila taabu, zitoe. Hutachekwa, wapo Waisraeli wanaoongea hivyo, na utapata tahajia sahihi bila kukisia.

Heti ina ujanja mmoja mwishoni mwa neno. Ikiwa na kistari cha irabu *a* chini yake, *a* hiyo husomwa kabla ya heti. נֹחַ si *Noha*, ni *Noakh*, yule yule Nuhu. רוּחַ ni *ruakh*, na hapo unaiona *roho* yetu iliyotufikia kwa njia ya Kiarabu.

Hatua ya 6: Shini, sini, na namba ulizokwisha kujua

Herufi ש inabeba sauti mbili. Nukta juu kulia, שׁ, ni *sh*. Nukta juu kushoto, שׂ, ni *s*. Waebrania waliazima alfabeti ambayo haikuwa na herufi ya kutosha kwa sauti zao zote, wakaziweka mbili katika nyumba moja. Nukta za kuzitenganisha zilikuja baadaye sana, pamoja na alama za irabu; mfumo ulioenea ni wa wanazuoni wa Tiberia, kando ya ziwa Galilaya, waliofanya kazi hiyo kati ya karne ya 7 na ya 10.

Kwamba *s* na *sh* zilitofautiana hata kati ya makabila ya Israeli, Biblia inalieleza kwa habari ya kutisha. Waamuzi 12:6: katika vivuko vya Yordani, watu wa Gileadi walimwambia kila aliyetaka kuvuka atamke *Shibolethi*. Mwefraimu alisema *Sibolethi*, akauawa. Ni jaribio la fonetiki lililogharimu watu 42,000 kwa hesabu ya kitabu hicho.

Zoezi la hatua hii ni makumi. Ya kwetu tuliyachukua kutoka Kiarabu, na Kiarabu na Kiebrania ni lugha ndugu. Soma safu hizi kwa sauti:

20: ishirini, עשרים *esrim*
30: thelathini, שלושים *shloshim*
40: arobaini, ארבעים *arba'im*
50: hamsini, חמישים *khamishim*
60: sitini, שישים *shishim*
70: sabini, שבעים *shiv'im*
80: themanini, שמונים *shmonim*
90: tisini, תשעים *tish'im*

Fuatilia sauti moja moja. *Th* ya *thelathini* na *themanini* imekutana na *sh*. *S* ya *sabini*, *hamsini* na *tisini* nayo imekutana na *sh*. Lakini *sh* ya *ishirini* imekutana na *s*, yaani ש yenye nukta kushoto. Huku si kuchanganyikiwa. Lugha mama ya zamani ilikuwa na sauti tatu tofauti, na kila binti alizirithi kwa namna yake. Ukishaiona kanuni, utaanza kukisia maneno: *nafsi* utaikuta katika נפש, *nefesh*, na *sh* yake mahali ulipoitarajia.

Angalia pia *shloshim* na *shmonim*. Hapo ndipo ile irabu ya ziada inapotaka kuingia. Ulimi wetu hupenda silabi wazi na utakushawishi useme *shiloshimu*. Kata irabu zote mbili. Funga midomo kwenye *m* ya mwisho na uinyamazishe hapohapo.

Hatua ya 7: Zinazofanana kwa macho

Sauti ukiwa nazo, macho hayasumbui sana. Jozi za kuchunga ni ב na כ (beti ina kona yenye mkia kulia chini, kafu imeviringika), ה na ח (he ina pengo juu kushoto), ג na נ, ו na ז, na hasa ד na ר. Daleti ina kona kali inayochomoza, reshi imepindwa. Katika hatikunjo za Torati, daleti ya mwisho ya Kumbukumbu la Torati 6:4 huandikwa kubwa kuliko herufi nyingine, na walimu wa kale walionya juu yake: neno ni אחד, *ekhad*, "mmoja". Ukiipinda ile kona linakuwa אחר, *akher*, "mwingine". Katika aya inayosema Bwana ni mmoja, hilo si kosa dogo la mwandiko.

Herufi tano zina umbo la pekee zikiwa mwisho wa neno: כ huwa ך, מ huwa ם, נ huwa ן, פ huwa ף, צ huwa ץ. Usizikariri zikiwa peke yake, zichukue ndani ya maneno: מלך *melekh* (mfalme), אברהם *Avraham*, בנימין *Binyamin*, יוסף *Yosef*, ארץ *erets* (nchi, ile *ardhi* yetu). Chunga ם ya mwisho isikuchanganye na ס: ya kwanza ni ya pembe, ya pili ni duara.

Hatua ya 8: Soma bila irabu

Gazeti la Israeli halina alama za irabu. Kibao cha barabarani vilevile, na hatikunjo ya Torati pia. Alama utazikuta kwenye vitabu vya watoto, mashairi, vitabu vya sala na Biblia zilizochapwa. Aliyesoma Kiarabu hatashangaa.

Msaada uliopo ni kwamba ו mara nyingi inasimama kwa *o* au *u*, י kwa *i* au *e*, na ה mwishoni kwa *a*, wakati mwingine *e* au *o*. Basi anza na majina unayoyajua tayari, ambapo irabu unazo kichwani na kazi iliyobaki ni konsonanti tu: דוד (David, Daudi, vavu hapa ni *v*), משה (Moshe, Musa), שלמה (Shlomo, Sulemani), יעקב (Ya'akov, Yakobo), יצחק (Yitskhak, Isaka), מיכאל (Mikha'el), חנה (Khana). Funika tafsiri kwa kidole, soma, kisha taja kila herufi inatoka wapi mdomoni. Katika *Yitskhak* mdomo unatoka kaakaani, unakwenda menoni, unarudi kooni, unaishia kaakaani tena. Ukiweza hilo bila kusita, umemaliza sehemu ngumu.

Hatua ya 9: Andika jina lako

Ongeza kibodi ya Kiebrania kwenye simu. Herufi tano za mwisho zina vitufe vyake, na unachapa kwa mpangilio wa kusoma. Simu yenyewe itasogea kushoto. Nukta huhitaji.

Kwa majina ya kigeni, *t* huandikwa ט na *k* huandikwa ק: טנזניה, קניה. Sauti ambazo Kiebrania hakina huongezewa mkwaju mdogo uitwao gereshi: ג׳ ni *j*, צ׳ ni *ch*, ת׳ ni *th*, ד׳ ni *dh*. Juma ni ג׳ומה. Chacha ni צ׳אצ׳ה. Zanzibar haina tatizo, זנזיבר. *P* mwishoni mwa neno la kigeni hubaki פ, kwa sababu ף ni *f* daima. *W* kwa kawaida huandikwa kwa vavu, moja au mbili, na mgeni anaweza kuisoma *v*. *Ng'* haina makazi kabisa: andika נג, kisha umtamkie msomaji mwenyewe, polepole, mara ya kwanza.